Kisumu Saa Nane Mchana: Hewa Inavyompima Mwanafunzi Rubani

Cessna 172 iliyopaa bila taabu saa moja asubuhi katika uwanja wa Kisumu itahitaji njia ndefu zaidi ifikapo saa nane mchana. Injini ni ileile na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni hewa, na mwanafunzi afundishwe hilo kabla hajagusa usukani.

Uwanja huo uko futi 3,700 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hesabu za kawaida za urubani huchukulia kwamba kwenye kimo hicho joto ni nyuzi 8 hivi. Mchana wa Kisumu hufika 30. Kila nyuzi ya ziada ni sawa na kuipandisha ndege takriban futi 120, kwa hiyo nyuzi 22 zinaifanya ijione iko futi 6,300 na zaidi. Bawa hubeba kidogo, propela husukuma kidogo, injini hupata hewa haba. Wilson kule Nairobi, penye shule nyingi za urubani, ni futi 5,500 hivi. Asubuhi ya nyuzi 13 hewa yake ni kama ya futi 6,600. Yaani Kisumu ya mchana inakaribia Wilson ya alfajiri! Anayedhani kando ya ziwa ni chini, na apige hesabu upya.

Kisha kuna upepo. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ya Ghuba ya Winam huja kujaza pengo. Upepo huo ukivuma, ndege huondokea njia namba 24, pua ikitazama ziwani. Upepo wa mbele ni msaada, ila injini ikizimika futi 300 juu, mbele ni maji. Jibu lake hupangwa kabla ya kuondoka: shusha pua, linda mwendo, tua mbele. Kugeuka kurudi uwanjani ukiwa chini hivyo kumeua marubani wengi, wazoefu wakiwemo. Wale wa ndege za majini za Imperial Airways, waliotua Kisumu tangu 1931, waliweza kuukabili upepo wa upande wowote. Mwanafunzi wa leo ana pande mbili tu. Upepo wa ubavuni ni wake.

Alasiri upepo wa ziwa hukutana na ule wa mashariki, mawingu hujijenga kuelekea Nandi na Kericho, radi hufuata. Hapo ndege ibaki chini.

Leseni ya rubani binafsi hudai angalau saa 40 angani. Zikirukwa zote asubuhi tulivu, zitamfundisha nusu ya Kisumu. Kwa hiyo, msomaji unayetaka kuanza, kapimwe kwanza na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ndipo ulipe ada. Na kabla mwalimu hajakuachia ndege peke yako, mwombe mruke pamoja saa nane mchana.