Lutaaya Masikioni mwa Watu wa Ziwa

Philly Bongoley Lutaaya alifariki Disemba 15, 1989, siku 10 kabla ya Krismasi, akiwa na miaka 38. Mwaka huo huo alikuwa ametangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kuthubutu hivyo. Kwa msikilizaji wa Mwanza, jirani wa Kagera ambako wagonjwa 3 wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, “Alone” haukuweza kuwa wimbo tu, ulikuwa wasia. Na ni haki, kwani wenyewe waanza na mtu mmoja mwenye hofu, ukamalizikia kwa umma.

Lakini nyimbo zake za Krismasi, alizozirekodi Sweden kabla ya tangazo lile, zina kosa gani hata zivikwe sanda? Kila Disemba huchezwa, na msikilizaji huwinda maradhi penye pumzi ya mwimbaji mwenye furaha. Huko ni kumzika mara mbili. Mwana Kupona aliutaja ugonjwa wake ndani ya utenzi, mwaka 1858; anayeusikia humo amealikwa. Katika Krismasi ya Lutaaya hakualikwa mtu kuomboleza; aliitwa karamuni.