Tazama Chini ya Ukingo

Kuna jengo la vioo vya bluu limemalizika juzijuzi kando ya Barabara ya Bagamoyo, na tangu hapo sina raha kwa sifa zake. Wanalisifu wanaolipita kwa gari. Wanalisifu walioiona picha yake kwenye simu kabla hata msingi haujachimbwa. Sasa wameanza kulisifu na vijana wanaosomea ubunifu majengo, ambao walitakiwa wawe wa kwanza kununa. Mmoja aliniambia hiyo ndiyo kazi ya mbunifu hasa. Nikamuuliza kama amewahi kuingia ndani. Bado. Amelizunguka nyuma? Bado. Saa tisa alasiri amesimama upande wa magharibi akaona wafanyakazi walivyobandika maboksi kwenye vioo ili waweze kusoma kompyuta zao? Kwa kweli hajui kama jengo lina upande wa magharibi.

Basi alichosifu ni picha, na picha ile sidhani hata kama aliichora mbunifu mwenyewe. Siku hizi kazi hii imegawanyika vipande. Yupo anayetengeneza picha tu, na anga lake daima ni la jioni na barabara yake haina bodaboda hata moja. Yupo anayekaa na modeli ya kompyuta akihakikisha bomba la maji taka halipiti katikati ya boriti. Yupo wa halmashauri, anayekagua michoro ya vibali. Yupo aliyeajiriwa na mkandarasi, na huyo muda wote yuko njia panda. Yupo wa ndani tu, wa jipsamu na taa. Yupo anayeuza ramani mtandaoni, vyumba vitatu na sebule, unalipa kwa simu unatumiwa faili. Na yupo wa muhuri. Wote hao, mtaani ni wabunifu majengo. Mgawanyo wenyewe sina ugomvi nao, kwani jengo kubwa halijawahi kubebwa na mtu mmoja. Ninachokasirikia ni kwamba sifa zinakwenda kwa mwenye picha, lawama zinakwenda kwa fundi, na katikati hapo mbunifu mzuri hapati hata anayemtambua.

Sasa nitawaambia anavyotambulika.

Anzia nyuma. Uso wa jengo ni wa mteja, nyuma ni kwa mbunifu. Ukikuta mabomba yametambaa ukutani kila moja na njia yake, viyoyozi vimening'inizwa popote fundi alipofikia, na ngazi ya dharura imefungwa kwa kufuli, huna haja ya kurudi mbele. Jengo lenye rangi zaidi ya mbili nje usilipotezee muda. Nguzo za Kirumi kwenye nyumba ya chumba na sebule, hali kadhalika. Kioo cha bluu hakina msamaha, na sababu sitoi.

Kisha uliza kaskazini iko wapi. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, maana yake kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana linapita kaskazini mwetu, na miezi iliyobaki linapita kusini. Hilo ni rahisi: jua linakuwa juu sana, ukingo wa kiasi juu ya dirisha unalimaliza. Balaa ni mashariki na magharibi, ambako jua linakuja limelala na hakuna ukingo utakaolizuia, ila mbao au zege za kusimama wima, au miti, au ukuta mtupu. Jengo la pwani linatakiwa lilaze urefu wake mashariki kwenda magharibi, likunje mabega, lifungue madirisha kwa kaskazi na kusi. Haya waliyajua wote waliojenga hapa kabla ya umeme kuwa rahisi. Nilishawahi kuletewa ramani ya nyumba ya Goba iliyokuwa nzuri kabisa ya kiwanja cha Mbezi. Mwenye kuiuza aliigeuza tu, kushoto kukawa kulia, ili lango lifuate barabara. Jiko lililokuwa na kivuli likatazama machweo. Mama mwenye nyumba anapika saa kumi na mbili jioni huku amejifunga kanga kichwani kuzuia jua ndani ya jiko lake mwenyewe. Kwenye karatasi ile mshale wa kaskazini haukuwapo kabisa, ulifutwa, maana ungemuumbua.

Hayo hata asiye wa kazi hii akielekezwa anaweza kuyaona. Lipo moja asiloliona, na mimi ndilo ninaloanza nalo kila ninapofika kwenye jengo jipya.

Simama chini ya kibaraza, au chini ya ukingo wa zege uliotokeza juu ya dirisha, halafu inua kichwa. Tazama upande wa chini wa ule ukingo. Karibu na ncha, sentimita 3 hivi kuingia ndani, panatakiwa pawe na mfereji mwembamba uliokwenda sambamba na ncha, upana wake kidole kidogo kinaingia kwa shida. Ni huo tu.

Maji ya mvua yana tabia ya kung'ang'ania. Yakishuka usoni pa ukingo hayadondoki yakifika ncha, yanageuka. Yanatambaa chini kwa chini mpaka yaguse ukuta, halafu yanashuka nao. Masika ya kwanza huoni kitu. Ya pili lipu inaanza kuvaa vivuli. Ya tatu kila dirisha limeota ndevu nyeusi, rangi inabanduka, na mwenye nyumba anatafuta fundi rangi. Fundi anakwangua, anapaka, analipwa, anasubiri masika mengine aitwe tena. Ule mfereji ungeyakata maji njia: yakifika kwenye pengo hayawezi kulivuka, yanajikusanya pale ukingoni, yanadondoka chini mbali na ukuta. Na hauna gharama. Hauli saruji, unaipunguza.

Sasa angalia unavyomwanika mbunifu. Mfereji ule hauonekani kwenye ramani ya sakafu, hauonekani kwenye picha ya mbele, hauonekani kwenye ile picha ya anga la jioni. Unaonekana kwenye mchoro wa mkato tu, tena mkato wa kipimo kikubwa, kwa hiyo asiyechora mikato hajawahi kukutana nao. Akishauchora, ni lazima awepo saiti kabla zege halijamwagwa, kwa sababu unatengenezwa kwa fito ya mbao inayopigiliwa kwenye fomu, nayo fito inatakiwa ichongwe nyembamba upande mmoja ili itoke bila kumega zege. Siku hiyo ikipita, imepita. Kuja kuchimba baadaye kwa grinda ni kupasua ncha na kuzikaribisha nondo kwenye hewa ya chumvi, na anayejenga Msasani au Nyali anajua nondo iliyoonja chumvi inavyovimba. Halafu ni lazima arudi tena wakati wa lipu, maana fundi lipu anapenda mambo laini, na akiona mfereji ataufukia kwa nia njema kabisa.

Na mwisho wake? Hapo ndipo wanaoiga wanapoanguka. Mfereji hauendi mpaka ukutani. Unakomea sentimita chache kabla, vinginevyo unageuka bomba linalopeleka maji palepale tulipokuwa tunayakimbiza. Ukiona mfereji umefika ukutani, mchoraji aliuona kwa mwenzake akaunakili bila kuuliza kazi yake. Ukiona umekoma kwa adabu, pande zote mbili, dirisha hadi dirisha, tafuta jina la aliyesanifu jengo hilo uliandike.

Mzee mmoja niliyefanya naye kazi, sasa marehemu, alikuwa na fito ya mninga kwenye buti la gari, imechongwa tayari, ameshaipaka mafuta. Akifika saiti anampa seremala mkononi: "Mfano huo, kata nyingine." Siku ya kukagua hakubebana na karatasi. Alipandishwa ngazi, akapitisha kidole chini ya kila ukingo, na palipofukiwa hati ya malipo haikusainiwa. Wakandarasi walimchukia na walimwita kwenye nyumba zao wenyewe. Upande wa pili namkumbuka bwana mmoja aliyesikia kwamba wakaguzi fulani wanatazama hapo. Akaagiza fundi lipu akwaruze mstari kwa msumari na rula, kina cha kucha. Kiangazi, ukiwa chini, huwezi kuutofautisha. Vuli ilipoanza kila kitu kikajulikana, naye akasema ni tatizo la rangi.

Ukishakuwa na jicho hilo utaanza kuona maji kila mahali, na utawasoma wakubwa upya. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, watu wanalitaja kwa ile miavuli ya zege iliyogeuzwa. Wanaipenda kwa umbo. Lakini umbo lile ni jibu la maswali mawili, kivuli kwa wafanyabiashara na pa kuipeleka mvua, na jibu lenyewe limepita ndani ya nguzo. Amuli, anayetajwa kuwa mbunifu majengo wa kwanza Mwafrika nchini, aliyesomea Haifa, hakuweka urembo juu ya soko. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na wengi ndipo walipoinua vichwa kulitazama kwa mara ya kwanza. Nenda pia kwenye kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani, kazi ya Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar aliyesomea Bombay. Usipige picha kwanza. Kaa, uone mwanga unavyoingia bila jua. Hata huyu Francis Kéré aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, ile minara yake ya kituo cha vijana kule Turkana imesambaa mitandaoni kwa jinsi inavyofanana na vichuguu. Wachache wanaouliza inafanya nini. Inatoa hewa ya moto nje.

Na waliojenga Mji Mkongwe hawakuwa na muhuri wa bodi yoyote. Upana wa chumba, kama mita 3, uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko; unene wa ukuta uliamuliwa na mawe ya matumbawe na chokaa; baraza likawekwa pale mtu atakapokaa. Ukiingia leo saa nane mchana bado kuna ubaridi.

Nimtaje na adui mwingine, paa la kuficha. Kila mtu sasa anataka nyumba isiyoonyesha bati. Ukuta unapandishwa kuzunguka, bati linalala ndani, na gata linabaki shimoni ambako hakuna anayelisafisha. Majani ya mwarobaini yanajaa, masika yanakuja, dari ya jipsamu inashuka sebuleni juu ya televisheni. Nimeambiwa kwamba likisanifiwa vizuri halivuji. Huenda. Paa linatakiwa lionekane, litokeze, liwe na kivuli chake, na sitabishana.

Zamani, nakubali nazeeka, makosa yalikuwa na gharama. Ulichora kwa wino, ukikosea unakwangua kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Kwa kuwa kufuta kulikuwa adhabu, mtu alifikiri kwanza. Michoro ilipotoka kuchapwa chumba kizima kilinuka amonia, macho yanatoka machozi, na hakuna aliyeirudisha kwa furaha. Leo kijana anafuta kwa kidole kimoja. Kompyuta siilaumu, modeli nzuri inaokoa nondo na pesa nyingi. Ila inakuruhusu kumaliza picha kabla hujajua ukingo unaishaje.

Wa muhuri nilimwacha makusudi. Huyo hachori, anasaini. Michoro inaletwa na mtu mwingine, anaipiga muhuri, anachukua chake, na saiti haijui hata kwa ramani. Jina lake utalikuta kwenye bango la mradi, chini ya la mwenye mradi, limeandikwa vizuri. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, swali la nani alisaini nini lilikuwa kila kijiwe. Ni swali la kuulizwa siku bango linaposimamishwa. Pita saiti katikati ya wiki, muulize mlinzi kama mtu huyo amewahi kuonekana. Mlinzi anajua gari la kila mtu.

Kama unatafuta mbunifu wa kukujengea, picha zake zikatae. Mwombe anwani ya jengo alilomaliza miaka kumi iliyopita na uende mvua inanyesha. Tazama chini ya ukingo, kisha mtafute anayefanya usafi umuulize ndoo huwa wanaiweka wapi. Mbunifu akianza kukueleza kwamba jengo lile wenyewe walilibadilisha baadaye, muulize lini na nini. Kama ni kweli tarehe atakuwa nayo kichwani, na atakuwa bado ana hasira.