Karata Sitini: Jinsi ya Kuitambua Deki Iliyosukwa Vizuri

Ukikabidhiwa deki ya Magic: The Gathering ukaombwa uitolee maoni, usianze kwa kutafuta karata kali. Karata kali kila mtu anazo, au anaweza kuzinunua. Anza kwa kuhesabu. Kanuni ya mashindano inataka karata zisizopungua 60, na ukiacha ardhi za msingi na karata chache zenye ruhusa maalumu, hakuna karata inayoruhusiwa kuzidi nakala nne. Kikomo cha juu hakipo, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Mwenye deki ya karata 64 atakwambia zile nne za mwisho zilimshinda kuziacha. Tayari umeshajua jambo moja juu yake: hajaamua deki yake inataka kufanya nini.

Hesabu haina huruma. Karata yenye nakala nne ndani ya 60 ina nafasi ya asilimia 40 hivi ya kuwamo kwenye mkono wa kwanza wa karata saba. Nakala mbili zinakupa asilimia 22, na nakala moja haifiki hata 12. Deki ikinenepa hadi karata 70, ile 40 inashuka kuwa 35. Waliokulia kwenye shupaza na kopa wanachangia pakiti moja ya karata 52, na ustadi wote uko kwenye kucheza. Huku kila mmoja anakuja na pakiti yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya mchezo imeshachezwa kabla watu hawajakaa mezani.

Ndiyo maana mimi husoma namba zilizo mbele ya majina kabla ya kusoma majina. Nne inasema: hii naitaka kila mchezo. Tatu inasema: naihitaji, ila zikija mbili kwa pamoja moja itanikalia mkononi. Moja inahitaji maelezo. Kama ndani ya deki kuna karata nyingine inayoweza kwenda kuitafuta, sawa. Kama haipo, mara nyingi imewekwa kwa mapenzi tu. Orodha iliyojaa moja moja na mbili mbili bila sababu ni albamu ya picha.

Baada ya namba, uliza: deki hii inashindaje, na lini? Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield ukatoka mwaka 1993, na miaka ya mwanzo wachezaji wengi walivutwa na majoka na mazimwi ya gharama kubwa. Mwaka 1996 Paul Sligh alikwenda kwenye mashindano ya kufuzu ya Atlanta, Marekani, na deki nyekundu iliyosukwa na Jay Schneider. Ukiitazama orodha yake unaweza kucheka. Ndani yake mlikuwa na Ironclaw Orcs, kiumbe cha mana mbili (mana ni nguvu itokayo kwenye ardhi, nayo ndiyo inayolipia karata) ambacho hakiwezi kumzuia kiumbe yeyote mwenye nguvu mbili au zaidi. Lakini karata zilipangwa kwa gharama, za bei ya chini zikiwa nyingi na za bei ya juu zikiwa chache, ili kila zamu mana yote itumike. Mwenye zimwi la mana sita alikuwa bado anasubiri ardhi zake huku anapigwa. Deki ile ilifika mbali, na hadi leo deki za aina hiyo huitwa Sligh.

Mrithi wake ni deki ya moto iitwayo Burn, na hiyo ndiyo ningempa mgeni ajifunzie kukagua, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Mpinzani ana pointi 20 za uhai. Lightning Bolt inagharimu mana moja na inaondoa pointi tatu. Lava Spike vivyo hivyo, ingawa yenyewe haimgusi kiumbe. Gawa 20 kwa tatu: unahitaji karata saba za namna hiyo. Ukiwa wa pili kuanza, kufikia zamu yako ya nne umeshaona karata 11, yaani saba za mwanzo na nne ulizovuta. Deki ikiwa na ardhi 20, wastani wa ardhi ndani ya hizo 11 ni tatu na ushei, na zilizobaki ni saba za moto. Saba mara tatu ni 21. Mana je? Unashusha ardhi moja kwa zamu, na hata zikishuka tatu tu kwa wakati, zamu nne zinakupa moja, mbili, tatu na tatu, jumla tisa, na ulihitaji saba.

Hesabu hiyo ikishakukaa kichwani, kukagua kunakuwa rahisi. Kila karata isiyo ardhi inaulizwa swali moja: wewe unaondoa pointi ngapi, kwa mana ngapi? Goblin Guide, kiumbe cha mana moja chenye nguvu mbili, anashambulia zamu ileile anayoingia. Akija zamu ya kwanza akapiga mara mbili, ameshalipa zaidi ya Lightning Bolt. Akija zamu ya sita hafai kitu, na msukaji mzuri anajua hilo na bado anaweka nne. Boros Charm inaondoa pointi nne kwa mana mbili, ila inadai rangi nyeupe juu ya nyekundu, kwa hiyo imekuja na deni la ardhi. Karata ya mana tano, hata ingekuwa nzuri namna gani, humo ni mgeni asiyealikwa.

Usidhani basi kwamba kasi ndiyo ubora. Katikati ya miaka ya 1990 Brian Weissman alijulikana kwa deki iliyoitwa The Deck, ambayo karibu yote ilikuwa ni ya kuzuia, kufuta na kuvuta karata zaidi ya mpinzani. Silaha yake ya kumalizia ilikuwa Serra Angel, nakala mbili tu. Malaika huyo ana nguvu nne, kwa hiyo mapigo matano yanatosha. Kwa nini mbili tu? Kwa sababu hadi anaposhuka, mpinzani hana tena jibu. Deki hii na ile ya Sligh hazifanani kwa lolote, ila mwenye kila moja angeweza kukueleza kila namba aliyoandika.

Sasa ardhi, mahali ambapo watu hujiibia wenyewe. Deki ya kawaida yenye ardhi 24 itakupa mkono wenye ardhi moja au usio na ardhi kabisa mara moja katika kila saba hivi. Ukishusha hadi 20, inakuwa mara moja katika kila nne. Burn inavumilia hilo kwa sababu ardhi moja inatosha kurusha moto. Deki yenye karata za mana nne haivumilii. Ni kweli kwamba tangu 2019 anayerudisha mkono anavuta tena saba kisha anapeleka karata chini ya deki, moja kwa kila mara aliyorudisha, na hiyo ni nafuu kubwa kuliko zamani. Bado karata uliyoipoteza umeipoteza. Kwenye rangi, Frank Karsten wa Uholanzi alipiga hesabu ambayo wasukaji wengi wanaitegemea: kama unataka kucheza karata ya mana moja ya rangi fulani zamu ya kwanza bila wasiwasi, weka vyanzo 14 vya rangi hiyo. Ukikuta deki ya rangi tatu yenye vyanzo vinane kila upande na karata za zamu ya kwanza za rangi zote, irudishe kwa mwenyewe kwa heshima.

Kisha karata 15 za akiba, za kubadilishia deki kati ya mchezo na mchezo. Pambano ni la kushinda michezo miwili kati ya mitatu, na wa kwanza tu ndio unaochezwa bila akiba, kwa hiyo angalau nusu ya michezo yako utaicheza na deki iliyobadilishwa. Hata hivyo wengi huipanga akiba usiku wa kuamkia mashindano. Usimuulize mwenye deki anaingiza nini. Muulize anatoa nini. Mchezaji wa Burn anayemhofia Kor Firewalker, kiumbe anayekingwa dhidi ya nyekundu na anayempa bwana wake uhai kila karata nyekundu inapochezwa, anaweza kuwa na Skullcrack, ambayo inazuia uhai usiongezeke zamu hiyo na bado inaondoa pointi tatu. Hiyo ni akiba yenye akili, kwa sababu mpango haukuvunjika. Akileta karata tisa za kujihami na kutoa moto tisa, amebaki na deki isiyoshambulia wala kulinda. Mike Flores aliandika mwaka 1999 makala mashuhuri juu ya hatari hiyo: katika kila pambano mmoja ni mshambuliaji, na anayekosea kujua kama ni yeye amejipalia makaa.

Kuhusu majaribio, usidanganyike na matokeo machache. Deki ya kati kabisa, inayoshinda nusu ya michezo yake, itashinda saba au zaidi katika kumi karibu mara moja kwa kila sita. Kwa hiyo ushindi wa jioni moja hauthibitishi kitu, na kipigo cha jioni moja vilevile. Chenye faida zaidi ni kuandika, kila mchezo, karata iliyobaki mkononi mwako ulipokuwa unashindwa. Jina lilelile likijirudia, hilo ndilo la kutoa kwanza. Badilisha karata moja au mbili kwa mara moja. Ukibadilisha kumi hutajua ipi imesaidia.

Na usikimbilie kununua. Chapisha orodha kwenye karatasi za kawaida, kata, zitie kwenye mifuko ya plastiki mbele ya karata za bei poa, kisha cheza na rafiki mpaka namba zako zitulie. Mashindano rasmi hayapokei karata za kuchapisha, lakini kufikia hapo utakuwa unajua zipi zinastahili pesa yako.