Waraka wa Githongo: Siri, Nasaha na Ushahidi

Ng'ambo ya Sirari, mpakani mwetu hapa Tarime, Bw. John Githongo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa utawala bora na maadili, alimwandikia Rais Kibaki mwaka 2005 waraka juu ya mikataba ya Anglo Leasing. Magazeti yaliuchapisha mwaka 2006. Hiyo ilikuwa mikataba 18 ya usalama, mingine na makampuni hewa.

Ubora wa waraka ni mpangilio wake: tarehe, kikao, msemaji. Tena alianza kwa mtawala, faraghani, ndiyo nasaha. Imam Nawawi ametaja sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu, mojawapo kutaka msaada wa kuondoa munkari.

Linalolaumiwa ni kuwarekodi wakubwa kwa siri. Je, si tajassus (Hujurat: 12)? Twaonelea kuwa aibu ya mtu nyumbani mwake husitiriwa, lakini kauli ya kiongozi juu ya mali ya umma ni ushahidi, na kuuficha ni dhambi (Baqara: 283).

Kweli, Mtume (S.A.W.) alificha uelekeo wa safari zake za vita. Siri ile iliwalinda watu. Haiwi hoja ya kufichia wizi. Maimamu wa Tarime na Serengeti tulifundishe hilo.

Wallahu a'lam.