Habari za Kisabengo Katika Kitabu cha Bwana Stanley

Bwana Henry Stanley alipita Morogoro mwaka wa 1871 akimtafuta Livingstone, na mwaka uliofuata kitabu cha safari yake kikapigwa chapa. Sisi tukaao Mkuyuni twakisoma kwa furaha, kwa kuwa chataja mto wa Ngerengere. Mji wa Simbamwene ameueleza vema: ukuta, minara minne ya mawe, milango ya mbao yenye nakshi, na watu wapatao elfu tatu hata tano. Hapo hatuna neno.

Neno letu li juu ya habari za Kisabengo, aliyeujenga mji huo. Mwandishi asimulia ya kuwa alikuwa mkuu wa watumwa watoro, akaikimbia haki ya Sultani wa Unguja, akaja Ukami akawanyang'anya wenyeji nchi yao. Kwamba aliiba watu, twakubali, wala sisi wa nchi hii hatutamsifu. Lakini neno hilo "haki" latuchoma. Watoro wale walikuwa watoto wa watu, waliotwaliwa bara wakauzwa pwani. Mtu atorokaye minyororo aikimbia haki gani?

Twaona neno hilo lilitoka Marekani. Mwaka wa 1850 wakubwa wa nchi ile, wakiogopa dola yao isivunjike, walipatana: California iingie pasipo utumwa, nao watu wa kusini wapewe sheria ya kurudishiwa watoro wao hata kutoka majimbo yasiyo na watumwa. Mtoro hakuruhusiwa kutoa ushuhuda katika shauri lake. Mwamuzi akimrudisha kwa bwana wake, alipata dola 10. Akimwacha huru, dola 5. Twaomba msomaji aisome tena hesabu hiyo. Mapatano hayakuzuia vita, maana vilianza mwaka wa 1861. Stanley, aliyefika New Orleans mwaka wa 1859 akiwa kijana, alishika bunduki upande wa kusini, akatekwa Shiloh Aprili 1862. Baadaye alihamia jeshi la kaskazini, lakini hakudumu. Chini ya sheria ile mtoro ni mwizi, na mali aliyoiba ni nafsi yake mwenyewe.

Wala tusimcheke Mmarekani peke yake. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash alipatana na Waingereza, soko la Unguja likafungwa, ila mtumwa akabaki mtumwa. Katika Tanganyika sheria ya kuuondoa utumwa ilingoja hata mwaka wa 1922.

Tulipowafasiria wanafunzi wetu sura hii, mmoja aliuliza majina ya watoro hao. Tukatafuta. Jina la mbwa wa Stanley, Omar, limo. La mfuasi hata mmoja wa Kisabengo hatukuliona.