Mzigo wa Msimulizi
Katika Mage: The Ascension, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotoka Marekani mwaka 1993, wamo Virtual Adepts, wachawi wasiohitaji ungo, wao huroga kwa kompyuta. Sifa ni zao. Mzigo ni wa msimulizi, yule anayeuongoza mchezo. Mchezaji akisema tu mchawi wake amefungua kasha la benki kwa simu, msimulizi apime papo hapo: nyanja zipi za uchawi kati ya 9 zinahusika, dadu ngapi za pande 10 zirushwe, na je, mpita njia angeliona jambo la kawaida? Likionekana muujiza, Paradox, yaani adhabu ya kuvunja uhalisia, humrudi mchawi. Msimulizi anaamua hayo huku wenzake wakitafuna bisi, baada ya kukesha akiandaa kisa ambacho pengine watakikwepa mapema. Kwa kawaida halipwi, na lawama za dadu mbaya pia ni zake.