Kisiki Huchipua, Dhahabu Haichipui



Katika nyumba zetu za pwani, harusi ikikaribia, mazungumzo ya dhahabu huwa mengi. Kidani kitakuwa cha uzani gani? Bangili ni ngapi? Bei huulizwa kwa masonara watatu, na mizani huangaliwa kwa macho manne. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza dhahabu ile imechimbwa katika ardhi gani, na ardhi ile imeachwa katika hali gani. Tutajitetea kwamba dhahabu ikisha kuyeyushwa haina kabila. Ya Geita na ya Ghana huwa kitu kimoja mkononi mwa sonara. Ni kweli. Lakini kutojua asili ya kitu hakutuondolei wajibu wa kuuliza.

Basi leo nakuomba twende pamoja hadi bara, katika mikoa miwili inayopakana, Shinyanga na Geita. Huko kuna funzo kwa kila mtu anayezungumza habari za miji mizuri na mazingira ya kijani.

Tuanze na Shinyanga. Zamani ilikuwa nchi ya migunga na miombo. Wakati wa utawala wa Waingereza misitu mingi ilifyekwa kwa makusudi, ili kumwondoa mbung'o aliyekuwa akileta malale kwa watu na kuua ng'ombe. Yakafuata mashamba ya pamba, makundi makubwa ya mifugo na ukataji wa kuni. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, wengi wakawa mbali na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Nchi ikabaki uchi, hata ikaogopewa kwamba itageuka jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni dawa ilidhaniwa kuwa ni vitalu vya miche. Lakini kilichoifufua nchi zaidi ni desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya ardhi hufungwa, mifugo isiingie. Majani hukua, na kiangazi kinapobana, yapata Julai au Agosti, hufunguliwa. Ngitili ikatumika sasa kurudisha miti pia. Mizizi na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua vyenyewe, kwa kuwa tu vimeachwa vipumue. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Watu wakapata kuni karibu, nguzo, asali, dawa za miti na malisho.

Hapa ndipo penye lawama yangu. Sisi tumezoea kudhani kwamba kutunza mazingira ni sherehe. Siku ya kupanda miti hufika, mgeni rasmi hushika mche, picha hupigwa, hotuba husomwa. Na baada ya miezi miwili mbuzi huwa amekwisha kumaliza kazi iliyobaki. Hakuna aliyepewa jukumu la kumwagilia, wala la kumfukuza mbuzi. Watu wa Shinyanga walifanya jambo lisilopendeza katika picha: walijizuia. Na kujizuia si uvivu. Kulihitaji kikao cha wazee na wanakijiji, kiitwacho dagashida, cha kuweka sheria. Kulihitaji sungusungu wa kulinda. Na kulihitaji faini kwa aliyevunja, hata akiwa jamaa.

Jambo hili si geni katika mafundisho yetu. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, ikawa hima, yaani malisho yaliyolindwa kwa ajili ya farasi wa umma. Hima na ngitili ni ndugu: yote mawili yamesimama juu ya kukubali kwamba mkono wa binadamu unahitaji mpaka.

Wala nisiisifu ngitili kupita kiasi. Mwenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi hufaidi zaidi, na asiye na ardhi hubaki akitazama uzio. Hifadhi isiyomkumbuka maskini hujenga adui wake mwenyewe. Lakini hata hivyo, kisiki kilichoachwa huchipua.

Sasa tuvuke tuingie Geita, mkoa uliofanywa mwaka 2012. Dhahabu imechimbwa huko tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Pembeni yake wako wachimbaji wadogo kwa maelfu. Shimo lao hushikiliwa na magogo wanayoyaita matimba, na kila gogo lilikuwa mti. Mawe husagwa, huoshwa, kisha unga wake huchanganywa na zebaki, ambayo huikamata dhahabu. Bonge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke ule hauonekani wala haunuki, na wako wanaoichoma nyumbani, karibu na jiko, watoto wakicheza hapo hapo. Zebaki inayoingia majini hugeuka sumu na kukaa katika nyama ya samaki. Huko Minamata, Japan, watu walioonekana wagonjwa mwaka 1956 walikuwa wamekula samaki wa namna hiyo. Wengine walikufa, na watoto walizaliwa na vilema. Mkataba wa dunia juu ya zebaki, wa mwaka 2013, unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sitaki kumlaumu mchimbaji anayetafuta karo ya mwanawe. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huunasa mvuke huo na kuurudisha kuwa zebaki. Lakini mtu anayeuza gramu kwa gramu hawezi kubeba peke yake gharama na maarifa ya kubadilika. Namlaumu anayefurahia kidani na kusema hayamhusu.

Mji hukua kwa dhahabu, ukawa na nyumba za bati jipya na maduka. Ni vema. Lakini mti ukikatwa kisiki huchipua. Dhahabu ikichimbwa haichipui. Basi mji uliojengwa kwa kitu kisichochipua una haja kubwa zaidi ya kulinda vile vinavyochipua: miti, maji na afya ya watoto. Tangu mwaka 2009 miji ya Shinyanga na Kahama hunywa maji yatokayo Ziwa Victoria, na Geita yenyewe inapakana na ziwa hilo. Atakayeliharibu ziwa ameharibu mtungi wa jirani.

Na wewe, msomaji, mambo hayo yaanze nyumbani. Kidani cha bibi kinaweza kuyeyushwa kikawa kidani cha mjukuu bila shimo jipya kuchimbwa. Sonara aulizwe dhahabu yake imetoka wapi. Asipojua, ajue kwamba wateja wanataka kujua. Na boriti ya mkoko ikikatwa, mikoko mingine iachwe ikue. Wahenga walisema akiba haiozi. Tutakayowaachia watoto wetu ni yale tuliyojizuia kuyala.

Wabillahi tawfiq.